Cheti cha ualimu wa elimu maalumu: piga hesabu kabla hujalipa ada

Kila msimu wa maombi ya vyuo swali linarudi lile lile: cheti cha elimu maalumu kinalipa au hakilipi? Wengi wanaouliza wameshalipia fomu, na wengine wako katikati ya muhula wa kwanza. Wanapokwama, hukwama palepale. Wamehesabu ada wakasahau kipato walichokiacha. Wamesikia kuna posho, hawakuuliza analipwa nani. Au wamesoma mpaka mwisho, kisha wakaambiwa cheti chao hakiingizwi kwenye rekodi za utumishi.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye sifa ya kufundisha darasa la kawaida anayefikiria kuongeza elimu maalumu. Msimamo wangu ni huu: cheti chenyewe hakilipi. Kinacholipa ni nafasi ya kazi ambayo cheti kinakufungulia, na hesabu yote ianzie kwenye nafasi hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Hati za mshahara za miezi mitatu ya karibuni.
- Muundo wa ngazi za mshahara wa mwajiri wako, unaoonyesha mwalimu anapandaje daraja.
- Fomu ya kujiunga na chuo yenye mchanganuo wa ada na michango yote, pamoja na muhtasari wa kozi.
- Masharti ya mkopo au ufadhili, kama unautegemea.
- Kalenda ya masomo ya chuo, uilinganishe na ya shule yako.
- Namba za simu za watu watatu: mwalimu anayefundisha elimu maalumu sasa hivi, mhitimu wa chuo unachokitaka, na ofisa anayeshughulikia ajira na kupandisha walimu madaraja.
- Daftari na kikokotoo. Cha kwenye simu kinatosha.

Usianze bila hati ya mshahara mkononi. Kiasi tunachokikumbuka kichwani huwa ni mshahara ghafi, ilhali tunaishi kwa kile kinachobaki baada ya kodi, mfuko wa pensheni na makato ya mikopo.

## Hatua ya 1: Jua unanunua cheti cha aina gani

Jina "cheti cha elimu maalumu" hubeba vitu vitatu tofauti.

Kuna cheti cha kuhudhuria mafunzo ya siku au wiki kadhaa. Kinakupa ujuzi, mara nyingine ujuzi mzuri sana, lakini kwa kawaida hakigusi mshahara. Kuna sifa ya kitaaluma inayochukua mwaka au zaidi, yenye mitihani na mazoezi ya kufundisha, inayokuruhusu kusajiliwa kuwa mwalimu wa elimu maalumu. Halafu kuna stashahada au shahada, ambayo pamoja na kukupa ujuzi inaweza kukubadilishia daraja. Ada za hivi vitatu hazikaribiani, na faida zake pia hazikaribiani.

Kisha angalia tawi. Kozi nyingine ni za jumla, nyingine zimejikita kwenye uoni, usikivu, ulemavu wa akili, usonji (autism), uziwi-kutoona au ugumu wa kujifunza. Hapa watu huchagua kwa mkumbo, na ndipo fedha nyingi hupotea.

Chukua nukta nundu, maandishi ya kugusa kwa vidole ya wasioona. Seli moja, yaani nafasi ya herufi moja, ina nukta sita, zinazotoa michanganyiko 63. Kujifunza herufi moja moja si kazi ya kutisha, lakini vitabu vingi huandikwa kwa mfumo wa vifupisho, ambako alama moja husimama badala ya neno au sehemu ya neno. Ukiandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea, unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, kwa sababu msomaji atagusa upande wa pili wa karatasi. Vidole vinahitaji miezi ya mazoezi ya kila siku. Ukipangiwa shule isiyo na mwanafunzi asiyeona hata mmoja, ujuzi huo hufifia upesi.

Lugha ya alama nayo si moja duniani. Kila nchi ina yake, wakati mwingine zaidi ya moja, na nchi mbili zinazozungumza lugha moja ya mdomo zinaweza kuwa na lugha za alama zisizoelewana. Kama una mpango wa kuhama nchi, hilo liingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja kamili: "Nataka sifa ya kiwango fulani, tawi fulani, ili nifundishe wanafunzi fulani katika shule ya aina fulani." Ukishindwa kuijaza, bado hujajua unachokitafuta.

## Hatua ya 2: Pata utambuzi kwa maandishi

Usiulize chuo peke yake. Chuo kina sababu zake za kukuambia kila kitu kiko sawa. Iandikie mamlaka inayosajili walimu, na mwajiri wako, maswali haya manne:

1. Je, chuo hiki kina ithibati kwa kozi hii hasa, si kwa chuo kwa jumla?
2. Je, nikihitimu, rekodi yangu itabadilishwa kuwa mwalimu wa elimu maalumu?
3. Je, cheti kilichosomwa kwa masafa au kwa intaneti kinahesabiwa sawa na cha darasani?
4. Je, mabadiliko ya mshahara huanza siku ya kuhitimu, siku ya kuwasilisha cheti, au siku ya kupangiwa kituo kipya?

Swali la nne ndilo wengi hawaulizi, na linaweza kukugharimu mwaka mzima wa nyongeza.

Sheria hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, hata ndani ya nchi moja. Katika England, mwalimu wa darasa la wanafunzi wasioona, viziwi au wenye uziwi-kutoona analazimika kuwa na sifa mahususi, na akiteuliwa bila hiyo hupewa miaka mitatu kuipata. Marekani kila jimbo lina leseni yake, kwa hiyo anayehama jimbo huweza kudaiwa mitihani au masomo ya ziada. Usichukue ushauri wa rafiki aliyesoma kwingine ukauhamishia kwako.

Tahadhari moja. Utasikia kwamba walimu wa elimu maalumu wanahitajika kila mahali, na ni kweli. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 24, unazitaka nchi wanachama kuajiri walimu wenye sifa za lugha ya alama au nukta nundu. Lakini uhitaji ni kitu kimoja, na nafasi yenye bajeti ni kitu kingine. Wewe unatafuta ile yenye bajeti.

Hatua imekamilika ukiwa na barua au baruapepe yenye jina la ofisi na tarehe. Maneno ya kwenye simu hayatakusaidia baada ya miaka miwili, ofisa akiwa ameshahamishwa.

## Hatua ya 3: Geuza kila gharama kuwa miezi ya mshahara

Fedha ya kawaida hudanganya, kwa sababu bei hupanda na kila mtu ana kipato chake. Chukua mshahara wako wa mkononi wa mwezi mmoja, uite 1. Kila gharama uigawe kwa mshahara huo. Ada inayolingana na mishahara mitano inakuwa 5. Nauli ya nusu mshahara inakuwa 0.5.

Huu ni mfano wa mwalimu anayesoma wakati wa likizo kwa miaka miwili huku akiendelea kulipwa. Namba ni za mfano tu, weka zako:

- Ada na michango yote ya chuo: 5
- Nauli, malazi na chakula wakati wa vipindi vya ana kwa ana: 2
- Mazoezi ya kufundisha kwenye kituo cha mbali: 1
- Vitabu, vifaa, uchapaji na bando la intaneti: 0.5
- Mitihani, usajili na uthibitisho wa vyeti: 0.5
- Kipato cha pembeni kilichosimama: 2

Jumla ni miezi 11 ya mshahara.

Mstari wa mwisho ndio unaorukwa mara nyingi. Kama likizo ndizo zilikuwa msimu wako wa kilimo, biashara au masomo ya ziada, basi ukiwa chuoni kipato hicho hakipo. Ni gharama halisi hata kama hakuna risiti yake.

Sasa badilisha kitu kimoja. Mwalimu huyohuyo akichukua likizo ya masomo bila malipo kwa miezi 12, mishahara 12 inaongezeka na jumla inaruka kutoka 11 hadi 23. Ndiyo maana simshauri mtu achague chuo kwa kulinganisha ada peke yake. Chuo chenye ada nafuu kinachokulazimisha kuacha mshahara kinaweza kuwa ghali mara mbili ya chuo chenye ada kubwa kinachofundisha wakati wa likizo.

Usikubali kozi isiyo na mazoezi ya kufundisha kwa kuwa tu gharama hiyo haimo. Kumsaidia mtoto asiyezungumza aonyeshe anachotaka ni jambo la kujifunza kwa mikono, mbele ya mtoto, mwalimu mzoefu akikuangalia.

## Hatua ya 4: Tafuta nyongeza inatoka wapi

Nyongeza huja kwa njia tatu, na kila moja ina tabia yake.

Kupanda daraja. Hii ndiyo bora, kwa sababu huingia kwenye mshahara wa msingi, hukaa nawe hata ukihamishwa, na kwa kawaida huongeza pensheni.

Posho ya kazi. Hii hufuata kituo. Hulipwa kwa sababu unafundisha shule au kitengo cha elimu maalumu. Siku ukirudishwa darasa la kawaida, posho hukatika na cheti chako kikiwa bado ukutani. Tena posho nyingi hazihesabiwi kwenye pensheni. Uliza.

Kazi mpya. Shule binafsi, mashirika, upimaji wa watoto, ushauri kwa familia. Hapa kuna fedha, lakini hazina uhakika. Usiziweke kwenye hesabu kuu, ziandike pembeni.

Muulize mwalimu aliyepo kwenye nafasi hiyo akuambie nyongeza halisi inayoingia mkononi baada ya makato. Kuna walimu wenye sifa kamili ambao hawapati hata senti ya ziada, ila sasa kila mtoto anayeonekana mgumu hupelekwa darasani kwao. Kama shule yako ina tabia hiyo, ni bora uijue leo.

Andika nyongeza kama sehemu ya mshahara: asilimia 8 ni 0.08, asilimia 15 ni 0.15. Ukibaki na namba moja tu, yenye mtu aliyeithibitisha kutoka kwenye hati yake ya mshahara, hatua imekwisha.

## Hatua ya 5: Gawanya upate muda wa kurudisha

Chukua gharama yote, gawanya kwa nyongeza ya mwezi. Jibu ni idadi ya miezi ya kufanya kazi ili fedha yako irudi.

- 11 ÷ 0.15 = miezi 73, yaani miaka 6 hivi.
- 11 ÷ 0.08 = miezi 138, miaka 11 na nusu.
- 23 ÷ 0.15 = miezi 153, karibu miaka 13.

Usiishie hapo. Nyongeza haianzi siku unayolipa ada. Miezi 24 ya masomo, ukiongeza tuseme miezi 9 ya kusubiri matokeo, usajili na kupangiwa kituo, inakuwa miezi 33 ya kutoa bila kupokea. Kwa hiyo ile miezi 73, ukiihesabu tangu malipo ya kwanza, ni 106.

Sasa weka umri. Mwalimu wa miaka 48 anayestaafu akiwa na 60 ana miezi 144 mbele yake. Ukitoa 33 inabaki 111 ya kupokea nyongeza. Kwa asilimia 15 atapata jumla ya mishahara 16.7, akitoa gharama ya 11 anabaki na faida ya 5.7. Kwa asilimia 8 atapata 8.9, na hapo amepata hasara ya mishahara miwili. Mwalimu wa miaka 30 mwenye namba hizohizo yuko kwenye faida hali zote mbili.

Kipimo changu ni hiki: muda wa kurudisha usizidi nusu ya miezi utakayokuwa ukipokea nyongeza. Kuna uhamisho, maradhi, na kanuni za posho hubadilishwa. Nusu ya pili ndiyo kinga yako. Kwa kipimo hicho, mwalimu wetu wa miaka 48 hapiti kwa fedha hata kwa ile asilimia 15. Anaweza kuwa na sababu nyingine nzuri za kusoma, lakini asijiambie anasoma kwa ajili ya mshahara.

## Hatua ya 6: Pima mkopo na ufadhili

Tuseme ile ada ya 5 umeikopa kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio linalopungua, kwa miezi 36. Rejesho la kila mwezi ni kama 0.176 ya mshahara, na mpaka mwisho utakuwa umelipa 6.3. Riba imekula mshahara mmoja na ushee, na gharama yote imetoka 11 ikawa 12.3.

Lakini tazama lile rejesho. Ni asilimia 17 na zaidi ya mshahara, kubwa kuliko nyongeza ya asilimia 15 unayoitarajia, na linaanza kukatwa kabla nyongeza haijafika. Ndipo watu huacha masomo muhula wa tatu, deni likabaki na cheti kisipatikane. Kabla ya kusaini, ishi miezi miwili huku rejesho hilo ukiliweka pembeni kila siku ya mshahara. Ukilazimika kuligusa, punguza mkopo au ahirisha mwaka.

Ufadhili nao usome mpaka ukurasa wa mwisho. Mfano mzuri ni ruzuku ya serikali kuu ya Marekani iitwayo TEACH Grant. Anayeipokea hutakiwa kufundisha somo lenye uhaba, elimu maalumu ikiwemo, katika shule zinazohudumia familia za kipato cha chini, kwa miaka 4 ndani ya miaka 8 tangu amalize masomo. Asipotimiza, ruzuku hugeuka mkopo, na riba huhesabiwa tangu siku fedha ilipotolewa. Waajiri wengi duniani wana masharti ya namna hii: nikusomeshe, unitumikie miaka kadhaa. Si jambo baya. Ila tafuta majibu ya mambo matatu: ni miaka mingapi, nani anachagua kituo, na nini hutokea ukiugua au kituo kikifungwa.

## Hatua ya 7: Ingia darasani kabla ya kulipa

Hesabu ikikubali, omba ruhusa ukae kwenye darasa la elimu maalumu angalau wiki mbili mfululizo. Siku moja ya ugeni haitoshi. Watoto huwa wametulia na mwalimu amejiandaa.

Angalia kazi ilivyo. Mtoto mwenye usonji anaingia asubuhi, kiti chake kimesogezwa, anaanza kupiga kelele. Mwalimu hapandishi sauti. Anakirudisha kiti mahali pake, anamwonyesha kadi ya picha ya shughuli ya kwanza, anasubiri. Dakika zinapita. Mtoto anaigusa kadi. Somo lililopangwa kuanza saa mbili linaanza karibu saa tatu kasorobo, na mwalimu anaandika kwenye daftari la mtoto huyo nini kilimvuruga na nini kilimtuliza, kwa sababu kesho atalihitaji. Mchana anamsaidia mwingine chooni. Jioni anajaza mipango binafsi ya ujifunzaji, mmoja kwa kila mtoto, kisha anakaa na mzazi anayelia.

Jiulize maswali haya, uyajibu kwa maandishi kila jioni. Je, niliweza kufurahia hatua ndogo, kwa mfano mtoto kushika kijiko peke yake baada ya muhula mzima? Nilivumilia uchafu na kelele bila kumkasirikia mtoto? Niliona faida ya makaratasi, au niliyachukia? Nilirudi nyumbani nimechoka mwili, au nimechoka moyo?

Ninaisisitiza hatua hii kuliko zote. Watoto hawa wana haki ya kupata mwalimu anayetaka kuwa nao. Aliyekuja kwa posho peke yake huchoka mapema, na akiondoka mtoto huanza upya na mtu mwingine. Kwa upande wako, aliyechoka moyo mwaka wa pili hafiki kwenye mwezi wa 73.

Kuna faida nyingine isiyo ya fedha, na utaiona hapohapo. Kuvunja kazi ngumu kuwa vipande vidogo, kutumia picha, kupima mtoto kwa alichokiweza badala ya alichokosa: mbinu hizi husaidia darasa lolote. Hata usipohamishwa kituo, utafundisha vizuri zaidi.

Umefaulu hatua hii ikiwa wiki ya pili ilikuvuta kuliko ya kwanza. Kama ulikuwa unahesabu saa, ahirisha maombi.

## Hatua ya 8: Linganisha na njia ya pili, kisha amua

Chukua njia nyingine moja uliyokuwa ukiifikiria, mfano shahada ya somo lako au mafunzo ya uongozi wa shule, uipitishe kwenye hatua ya 3 hadi ya 5. Weka majibu mawili sambamba kwenye ukurasa mmoja.

Elimu maalumu ikishinda kwa fedha na kwa ile hatua ya 7, lipa. Ikishinda kwa moyo lakini fedha zikakataa, tafuta ufadhili, au anza na mafunzo mafupi huku ukijenga ushahidi wa kazi kwenye shule yako. Ikishinda kwa fedha lakini moyo ukakataa, chukua njia ya pili.

## Ukishalipa

Lipa muhula mmoja mmoja kama chuo kinaruhusu. Risiti, barua ya utambuzi na barua ya ruhusa ya masomo zipige picha na uzihifadhi mahali pawili. Miezi mitatu kabla ya kuhitimu, uliza nafasi zilizo wazi kwenye tawi lako, usisubiri matokeo. Cheti kikitoka, kiwasilishe kwa mwajiri wiki hiyohiyo pamoja na barua ya kuomba rekodi ibadilishwe, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kila mwezi unaochelewa ni mwezi mmoja wa nyongeza unaouongeza kwenye ile miezi ya kusubiri.